Shimo la Zamu Mbili

Mpo?

— Tupo!

Mmekaa?

— Tumekaa!

Masikio?

— Yako wazi!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Msiifunge sana, huko mbele nitawahitaji. Ngano ninayo, ndefu kuliko mkia wa kenge. Niitoe?

— Itoe!

Basi zamani, zamani sana, siku ambazo wanyama walisema kama sisi na kugombana kama sisi, palikuwa na kilima katikati ya mbuga ya Nyasindefu. Kilima hicho kilijaa mashimo. Aliyeyachimba ni Mhanga, fundi asiye na makuu. Mhanga alichimba, akalala siku mbili, akaondoka akachimbe kwingine. Hakuacha hati, hakuacha ramani. Aliacha mashimo tu.

Wakaja Ngiri, wakayaona mashimo. Wakaja Nungunungu, wakayaona mashimo. Mashimo hayakutosha.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Najua. Msiseme.

Wao hawakupigana. Walitazamana siku nyingi, kila mmoja akimchunguza mwenzake, mpaka wakagundua jambo. Ngiri hutembea mchana na kulala usiku. Nungunungu hutembea usiku na kulala mchana. Kumbe shimo moja linatosha nyumba mbili!

Wakawekeana zamu. Jua likizama, Nungunungu anatoka, Ngiri anaingia. Jua likichomoza, Ngiri anatoka, Nungunungu anaingia. Kitanda hakipoi.

Na mlangoni palikuwa na utaratibu wao. Anayekuja husimama nje, hupiga hodi, kisha huuliza maswali matatu. Anayetoka hujibu yote matatu, hata kama ana haraka, hata kama wamenuniana.

Ndani kukoje? Njiani kukoje? Amebaki nani?

Semeni.

— Ndani kukoje? Njiani kukoje? Amebaki nani?

Naye anayetoka husema: "Ndani kukavu. Njiani salama. Hakuna aliyebaki." Ndipo mwenzake anaingia. Na ilikuwa lazima aulize, kwa sababu Ngiri, kama mjuavyo, huingia shimoni kinyumenyume. Makalio kwanza, pembe zimetazama nje, ili adui akija amkute tayari. Ni akili nzuri, ila makalio hayana macho.

Waliishi hivyo miaka na miaka, bila mwenyekiti wala katibu.

Sasa, siku moja saa sita mchana, jua likapatwa. Giza likashuka ghafla kama kifuniko juu ya chungu. Ngiri walikuwa malishoni. Wakashtuka. "Usiku umeingia! Usiku umeingia!" Wakakimbia mashimoni, wote kwa pamoja, vumbi hadi juu. Kwa hofu hakuna aliyekumbuka kupiga hodi. Hakuna aliyeuliza.

Na Nungunungu walikuwa ndani, wamelala usingizi wao wa mchana, wao na watoto wao.

Mnaona wenyewe.

Ngiri wakaingia kinyumenyume, na uzito wao wote. Nungunungu wakazinduka gizani, kitu kikubwa kinakuja. Wakasimamisha miiba. Kilima kizima kikapiga yowe moja. Jua lilipoachiwa na mwanga kurudi, kila shimo lilikuwa na maiti wake. Watoto wa Nungunungu wamekandamizwa. Ngiri wazima wametobolewa.

"Wametuvamia tukiwa usingizini!" wakasema Nungunungu.

"Wametuchoma tukiwa tumewapa mgongo!" wakasema Ngiri.

Vita ikaanza. Ngiri wakashika upande wa mashariki, Nungunungu wakashika wa magharibi. Kila upande ukayalinda mashimo yake mchana na usiku. Sasa zamu hakuna, mashimo hayatoshi, na nusu ya kila kabila inalala vichakani. Chui alinenepa mwaka ule.

Habari zikafika kwa Simba. Simba akasema: "Nimesikia. Nimesikitika. Nitatuma tume."

Akatuma Kongoti, ndege mwenye kipara na mfuko shingoni, msomi mkubwa. Kongoti akaketi miezi mitatu, akiuliza swali moja: nani alianza? Akaandika majibu ya watu mia nne. Mwisho akatoa taarifa: aliyeanza ni jua. Akapendekeza jua liitwe lijieleze. Jua likaitwa mara tatu, halikutokea. Jalada likafungwa.

Vita ikaendelea.

Simba akasema: "Nimesikia. Nimesikitika. Nitatuma tume."

Akatuma Twiga. Twiga alikuwa na nia njema, ila shingo yake ilimzuia kutazama ndani ya shimo. Akawaita wakuu wawili, mkuu wa Ngiri na mkuu wa Nungunungu, ambao wote wawili walikuwa wamehamia zamani kwenye mapango ya mawe huko ikulu kwa Simba. Wakapandishwa juu ya kichuguu ili Twiga awasikie. Wakapeana mikono. Wakala matango pori siku tatu. Ikatangazwa kwamba amani imepatikana. Kule kilimani hakuna aliyeiona ilipopita.

Vita ikaendelea.

Simba akasema...

— Nimesikia! Nimesikitika! Nitatuma tume!

Ahaa, mnamjua. Akamtuma Bweha. Bweha akapewa cheo: Mheshimiwa Mratibu wa Mpaka. Akachora mstari katikati ya kilima, akapanga miiba ya mgunga kutoka chini hadi juu, akatangaza: "Kuanzia leo Ngiri asiseme na Nungunungu, Nungunungu asiseme na Ngiri. Mwenye lalamiko alilete kwangu." Kisha akakaa pale mpakani, peke yake, kulinda.

Tangu siku hiyo watoto wakaanza kupotea. Asubuhi hii mtoto wa Ngiri. Asubuhi ile mtoto wa Nungunungu. Mtoto wa Ngiri akipotea, mahali pake unaokotwa mwiba wa nungunungu. Mtoto wa Nungunungu akipotea, linaokotwa shungi la manyoya ya shingo ya ngiri. Bweha anakuja, anatikisa kichwa. "Mnaona wenzenu? Hawa si wa kukaa nao. Nitaandika."

Sasa palikuwa na ngiri mmoja, mjane, jina lake Mashavu. Mume wake Mbaruku alichomwa siku ile ya giza. Shimo lao lilikuwa upande wa magharibi, kwa hiyo likabaki mikononi mwa Nungunungu, na Mashavu akabaki kichakani na watoto wanne. Akapotea wa kwanza. Akapotea wa pili. Akapotea wa tatu. Akabaki na binti mmoja, Tunu, ambaye hata pembe hazijaanza kumwota.

Mashavu akaketi akafikiri. Nikikaa hapa, Tunu hamalizi mwezi. Nikienda kwa Bweha, ataandika. Nikienda kwa Simba, atasikitika. Akasimama. Akamwambia binti yake, "Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi, mama?"

"Kule ulikozaliwa."

Wakapita mpakani jua likiwa linaelekea kuzama, saa ambayo Bweha hupumzika kwa sababu ya uzito wa kazi. Wakafika kwenye shimo lao la zamani. Ndani alikuwemo Mwamvua, yule yule nungunungu waliyekuwa wakipokezana naye tangu usichana wao.

Mashavu akasimama mlangoni.

"Hodi."

Akarudia, "Hodi, Bi Mwamvua."

"Hapa hapana hodi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ondoka kabla sijageuka."

"Ni mimi, Mashavu."

"Nimekujua kwa harufu. Ndiyo maana nimekwambia uondoke."

Mashavu akavuta pumzi. "Nauliza. Ndani kukoje?"

"Unauliza leo!" Miiba ikalia kule ndani, shaaa, kama mtama unaomwagwa. "Leo ndiyo umekumbuka kuuliza! Siku ile hamkuuliza!"

"Siku ile hatukuuliza," akasema Mashavu. "Tuliogopa giza, tukaacha kuuliza. Utaratibu ulikuwa wetu sote, tukauvunja sisi. Sikuja kukubishia hilo, dada. Nimekuja kuuliza."

Mwamvua akakwaruza udongo kwa makucha. Akakwaruza muda wa mtu kula mzizi mzima. Kisha akasema, "Ndani kukavu."

"Njiani kukoje?"

"Njiani umesimama wewe."

"Amebaki nani?"

Makucha yakaacha kukwaruza.

"Wamebaki wawili. Wanangu, Shomari na Kidawa. Wako huku mwisho wa shimo, nimewafukia kwa makucha yangu mwenyewe. Mume wako aliwakalia."

Mashavu akaketi mavumbini.

"Mbaruku hakujua, Mwamvua."

"Najua hakujua. Kufa wamekufa."

"Naye alikufa. Aliteseka siku tatu. Nilimng'oa miiba kumi na tisa kwa meno yangu. Wa ishirini uliingia mbali."

"Ulikuwa wangu."

"Najua ulikuwa wako."

Wakalia. Mmoja ndani, mmoja nje, na Tunu katikati asijue amtazame nani. Mwaka mzima walikuwa wamepiga kelele, lakini kulia pamoja ilikuwa mara ya kwanza.

Mashavu akapangusa pua. "Sasa na mimi niambie. Wanangu watatu mmewapeleka wapi?"

"Wanao gani?"

"Waliopotea kichakani. Kila mara tumeokota mwiba wenu."

"Mashavu wewe!" Mwamvua akasogea mlangoni kwa hasira hadi pua ikaonekana. "Mimi nakula mizizi! Wanao wangenifaa nini? Niwapande?"

"Mimi sijui, mwiba ulikuwa pale."

"Na ninyi je? Wa kwetu wamepotea saba. Tunaokota manyoya yenu. Mmewafanyeje?"

"Sisi? Sisi tunakula majani, dada! Umewahi kumwona ngiri anatafuna mfupa?"

Wakatazamana midomo. Walaji wa mizizi na walaji wa majani walikuwa wamelaumiana miezi mitano kwamba wanakula watoto, na katika hasira ile hakuna aliyejiuliza kwa meno gani.

"Hapa mpakani," akasema Mwamvua polepole, "mla nyama ni nani?"

Wakageuza shingo, wote wawili, wakatazama chini ya mteremko. Mheshimiwa Mratibu alikuwa amejinyosha chini ya mgunga, tumbo limetuna, anajiramba masharubu.

"Mwana wa..." akasema Mashavu.

"Usimalize, mtoto anasikia," akasema Mwamvua.

Jua lilikuwa limebaki kipande. Mashavu akasema, "Dada, Tunu akilala nje leo, kesho nitaokota mwiba. Nipe zamu yangu."

Mwamvua akatazama lile shimo. Akamtazama Mashavu, akamzunguka kwa macho.

"Utaingiaje? Ukiingia kinyumenyume, sijasahau. Ukiingia uso kwanza, una pembe. Mbele nakuogopa, nyuma nakuogopa. Umeumbwa vibaya, Mashavu."

"Toka wewe kwanza basi."

"Nitoke nipite mbele ya pembe zako? Nikitoka, na asubuhi usinipe zamu yangu? Na kule mwisho wanangu wamelala."

"Basi niambie nifanyeje."

Mwamvua akamwonyesha Tunu kwa pua. "Yule hana pembe. Wala hana uzito. Aingie yeye kwanza, uso mbele, aje alale hapa nilipo. Mimi nikiwa na wako ndani, na wewe ukiwa umeukalia mlango wangu, hapo tutakuwa sawa. Ndipo nitatoka."

Mashavu akamtazama binti yake. Watoto wanne, amebaki mmoja. Na huyo mmoja ampeleke gizani kwa mwiba ule ule uliomuua baba yake? Hakuna tume iliyowahi kumwomba mtu jambo kubwa namna hiyo. Tume zinaomba sahihi.

"Utalaza miiba?" akauliza.

"Nitailaza."

"Nitajuaje?"

"Utasikia. Ukisikia shaaa, nimekusaliti. Usiposikia kitu, nimeilaza."

Mashavu akainama, akamnusa binti yake kichwani. "Nenda, mwanangu. Nenda uso mbele. Mwamkie shangazi."

Tunu akaingia. Mkia wake ukaonekana kidogo, kisha hakuonekana.

Mashavu akatega masikio. Nanyi tegeni.

...

Mmesikia kitu?

— Hatukusikia!

Naye hakusikia. Alisikiliza mpaka masikio yakamuuma, na miiba haikulia. Kilichosikika ni sauti ya mtoto, "Shikamoo shangazi," na sauti ya mtu mzima, ikikwaruza kidogo, "Marahaba. Eh, mtoto huyu ana pua baridi!"

Kisha Mwamvua akatoka. Akatoka uso mbele, miiba imelala mgongoni kama nywele zilizopakwa mafuta, akapita sentimita chache kutoka kwenye pembe za Mashavu. Akasimama mlangoni, akajibu kama inavyotakiwa.

"Ndani kukavu. Njiani nakuona wewe. Amebaki mmoja. Ni wako, amelala."

Mashavu akaingia. Akalala karibu na mlango, mbali na kule mwisho. Asubuhi jua lilipochomoza Mwamvua akarudi, akapiga hodi, akauliza yote matatu, akajibiwa yote matatu. Na kichakani, mahali walipokuwa wakilala Mashavu na binti yake, paliokotwa mwiba wa nungunungu. Mtoto hakuwepo wa kupotea. Bweha alitanguliza mwiba kabla ya kumpata mtoto, akauweka bure.

Wakauchukua ule mwiba wakazunguka nao kilimani. Mashavu akawaonyesha Ngiri. Mwamvua akawaonyesha Nungunungu.

Msidhani walishangiliwa.

"Mama Tunu umetuuza!" wakasema Ngiri. "Umelala na waliomuua mumeo!"

"Nimelala na aliyemuua mume wangu, naye ametoka akampisha mwanangu aliye hai. Wewe unayenifokea, wako wamebaki wangapi?"

Kwa Nungunungu nako hivyo hivyo. "Bi Mwamvua, huna aibu? Damu ya wanao haijakauka!"

"Imekaukia kwangu, ndani ya shimo langu. Mimi ndiye ninayelala nayo. Ukitaka kunifundisha uchungu, njoo ulale nao kwanza."

Wakamwacha. Lakini jioni ya pili, ngiri mmoja mzee akaonekana amesimama mbele ya shimo lake la zamani, anakohoakohoa, anajifanya amepotea njia. Jioni ya tatu wakawa watano.

Na haikuwa rahisi, niwaambie. Kila shimo lilikuwa na wake waliobaki ndani, na kila shimo lilitaka watajwe kwa majina. Kuna mashimo yaliyomaliza jioni moja. Kuna yaliyochukua siku tisa, watu wanafika mlangoni, wanauliza swali la tatu, jibu halitoki, wanarudi. Kuna shimo moja upande wa juu ambako wenyewe walisema, wote wawili, Ngiri na Nungunungu, "Hapa hatuwezi." Wakaacha wazi, hakuna anayelala humo mpaka leo, na hakuna aliyewalazimisha. Ila nyasi za mlango wake hufyekwa na pande zote mbili.

Na kote walifuata njia ya Mashavu. Watoto wa Ngiri huingia kwanza, uso mbele, waone kuna nani. Mkubwa huingia mwisho, kinyumenyume, pole pole. Nendeni mbugani mkatazame, kama hamniamini.

Miiba ya mgunga iliyochora mpaka ikakokotwa ikawa uzio wa kuzuia chui. Nayo ilikuwa mara ya kwanza ya miiba ile kufanya kazi.

Bweha alipoamka asione mpaka, alipandwa na homa. Akapanda kilimani jioni, wakati wa kupokezana, watu wote wako milangoni. Akasimama juu ya jiwe.

"Nani ameruhusu amani hii?"

Watu wakaendelea kupokezana.

"Nauliza, nani ameruhusu? Kibali kiko wapi? Mihuri iko wapi? Hii ni amani holela!"

"Ni ndogo tu, Mheshimiwa," akasema Mashavu. "Hatukutaka kukusumbua."

"Imefanyika bila mratibu! Mimi nitakwenda kumwambia Simba nini?"

"Mwambie umekagua," akasema Mwamvua. "Tena usiseme uongo, kagua kweli. Shimo hili hapa."

Bweha akanyoosha shingo. Kutoka ndani ya shimo ilikuja harufu ya watoto, wa Ngiri na wa Nungunungu mchanganyiko, na Mheshimiwa hakuwa ametia kitu tumboni siku tisa. Mate yakamjaa. Akasema kwa sauti ya kiofisi, "Ni kweli. Ukaguzi ni muhimu." Akajitoma ndani, kichwa kwanza.

Alipiga hodi?

— Hakupiga!

Aliuliza?

— Hakuuliza!

Basi watoto walikuwa wameshatolewa kwa mlango wa nyuma uliochimbwa wiki ile ile, kwa sababu baada ya siku ya giza hakuna aliyetaka tena shimo la mlango mmoja. Waliobaki ndani walikuwa nungunungu sita wazima, wamegeuza migongo. Na safari hii ilisikika kilima kizima: shaaaa!

Bweha akarudi nyuma kwa kasi. Nyuma alikuwapo Mashavu, ameuziba mlango, pembe mbele, kama alivyofundishwa na mama yake.

Alipoachiwa, pua ya Mheshimiwa ilikuwa kama kitunga cha sindano, na sehemu nyingine za Mheshimiwa sitazitaja, kuna wazee hapa. Akakimbia mpaka ikulu. Alijaribu kutoa taarifa lakini mdomo ulikuwa hausomeki. Simba akamtazama, akahesabu miiba ya mbele, akahesabu matundu ya nyuma, akasema, "Inaonekana pande zote mbili zimeshirikishwa."

Akamvua cheo. Mpaka leo Bweha huzurura peke yake, akiona nungunungu anavuka njia, anakumbuka ana shughuli kwingine.

Lakini ikulu haiwezi kukaa na amani isiyo na jalada. Akatumwa Kongoti, na kipara chake, na fomu. Akafika kilimani asubuhi, Ngiri wanatoka, Nungunungu wanaingia, hodi hodi kila mlango, akazunguka katikati yao kama mtu aliyepotea sokoni. Akamkuta Mashavu.

"Mama, nimekuja kuthibitisha amani. Naomba kujua, ni tume ipi iliyoileta? Ya kwanza, ya pili, au ya tatu? Weka alama moja."

"Hakuna."

"'Hakuna' haimo. Zimo tatu."

"Basi tuiache hiyo."

"Haya. Mkataba ulitiwa sahihi na nani?"

"Hatuna mkataba."

"Mpatanishi mkuu?"

"Sisi wenyewe."

"'Sisi wenyewe' ni cheo gani?" Kongoti akakuna kipara. "Mama, nisaidie. Ikulu wanataka ushahidi. Nionyeshe kitu chochote ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho, akasema, hii ndiyo amani."

Mashavu akamshika bawa akampeleka mlangoni pake. Mwamvua alikuwa ameshaingia, yuko macho bado, anajipanga kulala. Akasogea kidogo ili mwanga upite. Kongoti akainama akachungulia.

Ndani, Tunu alikuwa amekataa kuamka. Amelala chali, miguu juu, anakoroma, katikati ya watoto watatu wa Mwamvua waliozaliwa baada ya vita. Miiba yao midogo imelala upande mmoja, na mmoja wao ametia pua ndani ya sikio la Tunu kama mto. Huko mwisho wa shimo palikuwa na vilima viwili vidogo vya udongo, vimesawazishwa vizuri, na hakuna aliyevikanyaga.

Kongoti akatazama muda mrefu. Msomi yule, aliyeandika majibu ya watu mia nne, akatafuta kalamu. Akafungua fomu yake, akaipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Mama," akasema kwa unyonge, "fomu haina nafasi ya hilo."

Mashavu akaitazama ile karatasi.

"Igeuze," akasema. "Nyuma ni peupe."

Ngano yangu inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba amani wanaifanya wanaolala ndani yake. Mgeni akija kusaidia, apewe kigoda na maji ya kunywa, lakini hodi lazima tupigiane wenyewe, maswali tuulizane wenyewe, na waliokufa tuwataje wenyewe, mmoja mmoja. Kazi hiyo ni ngumu, haina mbadala, na watu wa kawaida wanaiweza. Ngiri na Nungunungu waliiweza.

Mmeisikia?

— Tumeisikia!

Ilikuwa mdomoni mwangu, sasa iko masikioni mwenu. Mimi mzigo nimeutua, mikono yangu mitupu. Mwenye nguvu aubebe.

— Tumeubeba!